Simu Haishiki Mtandao: Wairudishe Kiwandani au Watugawie Kava?

Angalia hapa. Usiniangalie mimi, angalia juu kwenye kona ya kioo. Vistari vinne, 4G, safi kabisa. Sasa naishika kama unavyoshika simu ukiwa umekaa zako kwenye daladala, kidole kidogo kinaikinga chini, kiganja kimeikumbatia. Subiri. Vitatu. Subiri tena… viwili, na pale kwenye 4G sasa pameandikwa E. E, yaani ule mtandao wa zamani wa 2G, jamani! Mnara ule pale mlimani, nauona kwa macho!

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Leo nipo Kibirizi, Kigoma, hapa ziwani Tanganyika maboti yanapopakia watu na mizigo, ndiyo maana mnasikia injini na upepo. Ile maiki ya kubana kwenye kola imekufa. Nimeagiza nyingine Dar, iko kwenye basi huko njiani, vumilieni.

Nyuma ya simu nimebandika teepu nyeusi, jina halionekani. Najua mtaandika kwamba naogopa. Aliyeniazima ni mwenye duka pale Mwanga, na stoo yake bado ina mzigo wa simu hizi hizi. Nikitaja jina leo, kampuni haitajua hata kama Kigoma ipo. Atakayelia ni yeye. Na kesi yenyewe ndiyo hiyo ninayotaka tuiongee: simu ikitoka kiwandani haishiki mtandao, nani abebe hasara?

Kamera, kioo, GB ngapi, hayo mmeshayaona kwenye chaneli za wenzetu, siyarudii. Picha inapiga vizuri, sina ugomvi nayo. Chaji nina neno nayo, itakuja yenyewe.

Haya, tuache vistari, vistari ni mapambo. Ingia Mipangilio, nenda Kuhusu simu, tafuta hali ya laini, utaona sehemu ya nguvu ya mawimbi. Kuna namba ina alama ya kutoa mbele na herufi dBm nyuma. Namba hiyo kadiri inavyosogea kwenye sifuri ndivyo mtandao ulivyo mzuri. Naiweka juu ya kreti, siigusi. Kutoa 88. Nzuri sana. Naichukua mkononi… 97… 104… 111. Imetulia kwenye 111. Sasa nisikilizeni, maana hapa watu wanapita haraka: kila ikishuka 10, nguvu ya mawimbi imegawanywa kwa 10. Ikishuka 20, kimebaki kimoja kati ya mia. Sisi tumeshuka 23, na hakuna ukuta wala mlima uliosogea, ni kiganja changu tu.

Natoa laini ile ile, naiweka kwenye Samsung yangu ya zamani hii yenye ufa. Kreti ile ile. Kutoa 90. Mkononi, 96. Imeshuka, ndiyo, kila simu inashuka ukiishika, kwa sababu mwili wa mtu una maji mengi na maji yanafyonza mawimbi. Lakini 6 na 23 ni vitu viwili tofauti. Kiswaswadu hiki cha batani sitakipima, hakina sehemu ya kuonyesha hizo namba, ila wavuvi wa hapa wanajua kinachofanya kazi wakiwa katikati ya ziwa.

Kwa nini inakuwa hivi? Simu nyingi siku hizi antena kubwa ipo chini, upande wa tundu la chaji, ili ukiwa unaongea iwe mbali na kichwa chako. Sasa hawa wa simu hii wameiweka chini halafu hawakuipa msaidizi wa maana huko juu. Ukiishika pale ni kama umemziba mtu mdomo halafu unamwambia ongea. Na hapa ndipo chaji inapoingia: mawimbi yakiwa dhaifu simu inaongeza nguvu ya kutuma ili mnara uisikie. Inapata joto, chaji inaporomoka. Kwa hiyo wale mnaoandika kwamba betri ni mbovu, betri haina kosa, masikini.

Kilichoniudhi hasa ni hiki. Hii ni simu ya pili ya aina hii hii, imetoka kwenye boksi leo, haijapokea sasisho. Ile ya kwanza imepokea, lile sasisho lililoandikwa limeboresha mtandao. Nina laini nyingine ya mtandao huo huo. Nazishika zote mbili kwa pamoja, namba zimekaa 111 hii na 111 hii. Isiyosasishwa inaonyesha kistari kimoja. Iliyosasishwa, viwili. Wadau, wameboresha mchoro! Mtandao ni ule ule, kilichoongezeka ni kistari.

Mambo haya si mapya. Mwaka 2010, mwezi wa sita, Apple walitoa iPhone 4. Ule mkanda wa chuma unaoizunguka ndio ulikuwa antena yenyewe, na kulia kushoto una vijimwanya. Ukiishika ukaziba kwa ngozi kile cha chini kushoto, mtandao unashuka. Mteja akamwandikia Steve Jobs, bosi wa Apple, Jobs akamjibu kwamba aepuke kuishika namna hiyo. Tarehe 2 Julai kampuni ikatoa barua ikisema fomula yao ya vistari ilikuwa na kosa, mara nyingi ilionyesha viwili zaidi ya vinavyostahili. Angalau wao sasisho lao lilikuwa la kuvipunguza, siyo kuviongeza! Siku kumi baadaye Consumer Reports, jarida la Marekani linalopima bidhaa, likasema haliwezi kumshauri mtu ainunue. Tarehe 16 Julai Jobs akasimama mbele ya waandishi, akaonyesha simu za wapinzani nazo zikishuka zikishikwa, akasema waliopiga simu kulalamika antena ni asilimia 0.55 tu ya wateja, halafu akatangaza kava za bure. Asiyeridhika arudishe simu ndani ya siku 30 apewe hela yake yote. Kuita simu zote kiwandani? Hakuita.

Na mimi huwa sielewani na mashabiki wa pande zote mbili kwenye hili, maana nadhani kwa ile simu kava ilitosha. Tatizo lilikuwa ngozi kugusa chuma. Weka mpira katikati, ngozi haigusi, kwisha habari. Simu ikaendelea kuuzwa mpaka 2013. Waliofungua kesi Marekani, 2012 wakaishia kuchagua dola 15 au kava.

Sasa na hawa wenzetu wamesikia hadithi hiyo, wameanza kugawa kava. Hii hapa, imekuja na mzigo, ya silikoni. Naivalisha. Naishika. 99… 108… 110. Umeona? Kutoka 111 nimeokoa moja tu, na hiyo moja nayo ni ya upepo. Antena ya hii ipo ndani, haiguswi na ngozi, inazibwa na mkono. Mpira hauzuii mkono kuwa mkono. Kwa hiyo kava ya 2010 ilikuwa dawa, kava hii ni zawadi.

Shikamoo mama! Samahani, tumeziba njia? Hapana, simu tu. Hebu nisaidie, ishike kama unataka kumpigia mtu. Mnaona, mama anaishika kwa kiganja chote, na ndoo ya dagaa mkono mwingine, hana nafasi ya madaha. Kutoa 113. Mama, hapo mtandao umepotea, eti inabidi usiishike huku chini.

Mmesikia alivyojibu? “Sasa mwanangu, niishike kwa meno?” Asante mama, safari njema. Hiyo inaingia kwenye kijipicha cha video, sina mjadala.

Tuje kwenye swali. Kuna mdau kaniandikia kwamba kurudisha simu zote ni kwa simu za hatari, kama Samsung walivyofanya 2016 na Note 7. Ni kweli, zile betri zilikuwa zinawaka. Septemba wakaita simu kama milioni mbili na nusu, wakabadilishia watu, na zile mpya nazo zikawaka, Oktoba wakaifuta kabisa. Pale hakuna mjadala, moto ni moto. Na hii haiunguzi mtu.

Lakini mdau wangu, wewe uko mjini una minara kila kona, ukishuka 23 bado unabaki na akiba. Panda boti hapa uelekee kaskazini, ukipita nyuma ya milima ya Gombe tayari uko kwenye 105 simu ikiwa mezani. Toa 23 hapo uone. Kule Kagunga mpakani ndiyo kabisa, ikipoteza mnara wetu inadaka wa Burundi, na salio lako linajua lenyewe. Injini imezima ziwani, unataka kumpigia mtu aje kukuvuta, halafu uanze kutafuta mshiko mzuri? Wakala anatoa pesa kwa simu hii, muamala umekwama, mteja anasema nimeshakatwa, yeye anasema haijaingia. Watu wanagombana kwa sababu ya kiganja.

Nilipoanza kuijaribu nilisema zirudishwe zote, mpaka ya mwisho. Leo nimepoa kidogo. Aliyeinunua anakaa karibu na mnara na anaipenda kamera yake, mwacheni nayo. Ila zilizoko madukani, ambazo hazijauzwa, zitoke. Zote, na mwenye duka alipwe alichotoa pamoja na usafiri, maana mzigo kufika mwisho wa reli haufiki bure. Aliyenunua akitaka hela yake, apewe hapa hapa Mwanga. Habari za kumwambia aipeleke kituo chao Dar sizitaki, nauli ya kwenda na kurudi inakula hela ya simu. Na watangaze kwa ujumbe mfupi na redioni. Mama yule wa dagaa hataona bango lao la Instagram.

Bei? Hapa Kigoma ni laki tatu na themanini, na ukibembeleza laki tatu na sitini. Kwa hela hiyo zipo Tecno na Infinix za kutosha, nyingine nimezipima kwenye video ya mwezi uliopita, iko hapo juu. Na ukienda kununua simu yoyote, usiridhike na vistari vya dukani. Weka laini yako, fungua ile sehemu ya dBm, isome ikiwa mezani, kisha uikumbatie uisome tena. Muuzaji atakushangaa, mwache ashangae.

Kama tayari unayo hii, tafuta risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na kadi ya waranti, vitunze pamoja na boksi. Andika chini namba zako mbili, ya mezani na ya mkononi, na uko wapi. Uvinza, Kasulu, Kibondo, popote. Nitazikusanya nimpe mwenye duka, ana kikao na msambazaji Alhamisi, na anataka aende na kitu mkononi zaidi ya malalamiko. Bonyeza kengele, maana majibu ya msambazaji nitayaweka siku hiyo hiyo, maiki ikifika isipofika.