Kava za DVD za harusi: steshenari ya mtaa wa Rwagasore, Mwanza

Kwa anayetunza video za harusi na send-off kwenye diski, uchapaji wa hapa ni mzuri, mradi uende na faili lililokamilika. Kava ya kasha la kawaida ni milimita 273 kwa 183: mbele 129.5, nyuma 129.5, ubavu 14. Inaenea kwenye A4. Itengeneze kwa nukta 300 kwa inchi, yaani pikseli 3224 kwa 2161, kisha ongeza milimita 3 kila upande za kukatwa.

Mwambie fundi achape kwa asilimia 100. Printa ikiachwa ijipangie ukubwa, kava husinyaa na majina ya maharusi yaliyopaswa kukaa ubavuni huhamia mbele. Kasoro hiyo hujirudia sana hapa, kwa hiyo pima ubavu kwa rula kabla hujalipa.

Chagua printa ya leza na karatasi ya kung'aa ya gramu 130 hadi 150. Nzito zaidi ya hapo tona (unga wa wino wa leza) hupasuka kwenye kunjo. Waombe wapitishe kalamu isiyo na wino kwenye mistari ya ubavu kwanza. Wanafanya vizuri mno, kunjo linatoka limenyooka.

Stika za diski zikatae. Ikibandikwa kando kidogo tu, diski huyumba na deki hukwamakwama. Nunua diski nyeupe za kuchapwa moja kwa moja.

Ubavuni weka mwaka, kisha tukio, kisha mahali: “2019 Harusi, Kirumba”. Rafuni utazipata haraka.