Arki ya ndizi: nilivyoitumia kwenye keki na barafu

Nauza keki na barafu Mbagala Rangi Tatu. Tangu Ramadhani natumia arki ya ndizi, ile ya kichupa cha mililita 28, na siiachi. Ila mwanzoni ilinitesa.

Keki tatu za kwanza zilitoka kwenye oveni hazina harufu kabisa. Jiko zima lilinukia ndizi, mpaka mtoto wa jirani akaja kuchungulia dirishani, lakini ukikata keki, hamna kitu. Nikajua nimeuziwa maji. Kumbe kosa langu. Kinachonukia humo kinaitwa isoamili asetati, na ndicho kinachoipa hata ndizi mbivu harufu yake. Kinachemka kwenye nyuzi 142, lakini hakingoji kufika huko. Ni chepesi kuruka, na mvuke wa keki unakibeba chote. Siku hizi naweka kwenye krimu, keki ikishapoa. Matone matatu kwa nusu kilo ya krimu yananitosha. La nne linaharibu, linakuwa na ukali wa dawa.

Barafu nazo zina mambo yake. Ukidondoshea arki kwenye maji matupu, vinaelea vijiduara vinavyong'aa kama mafuta juu ya mchuzi, maana haichanganyiki vizuri na maji. Mteja mmoja anapata barafu kali, mwingine anapata maji ya sukari. Mimi naikoroga kwanza kwenye maziwa mazito yaliyopoa, ndipo naongeza maji. Na kwa kuwa baridi hufifisha harufu, huku naongeza matone mawili zaidi.

Dada zangu, hili naomba mlishike. Kitu hichohicho hutumika viwandani kuyeyushia vanishi na rangi. Nilipofuata kabati langu Keko, kopo moja la fundi lilinukia ndizi vilevile! Kwa hiyo usinunue kwa pua. Kichupa changu cha kwanza hakikuwa na lebo, nilikimwaga. Tafuta kilichoandikwa kuwa ni cha chakula, chenye tarehe ya kuisha, na ukiweke mbali na jiko, kwa sababu mvuke wake unashika moto upesi.

Nyuki naye anayo hiyo isoamili asetati. Akiuma hutoa harufu hiyohiyo, na wenzake wakiisikia wanakuja kushambulia. Mjomba wangu ana mizinga Kisarawe. Nikitoka kwenye keki kwenda kwake, naoga na kubadili nguo kwanza.