Mikanda ya mpira kwa aliyevuka miaka 50: uzoefu wangu

Seti ninayotumia kufanyia mazoezi ya nguvu ina mikanda mitano ya mviringo, kila mmoja sentimita 104 ukiulaza, na inatofautiana kwa upana: milimita 13, 22, 32, 44 na 64. Mtu mzima anayeanza atatumia mitatu ya mwanzo tu. Huo wa 64 ni wa kumbeba mtu anayejinyanyua kwenye chuma, kwa hiyo ukipata duka linalouza mmoja mmoja, achana na seti.

Boksi linadai mikanda inayeyusha kitambi. Si kweli, na wauzaji waache kuwadanganya wazee wetu. Kitambi hupungua hasa kwa kupunguza kula. Kazi ya mkanda ni kulinda misuli wakati uzito unashuka, kwa sababu mtu wa umri huu akipunguza kula bila mazoezi ya nguvu hupoteza mafuta na misuli pamoja, na misuli hairudi kirahisi. Shirika la Afya Duniani linashauri mazoezi ya nguvu angalau siku mbili kwa wiki, pamoja na dakika 150 za mwendo wa haraka. Waliofika miaka 65 waongeze mazoezi ya kutoyumba siku tatu.

Kilo zilizoandikwa kwenye mkanda usiziamini mpaka uzipime. Mkanda huwa mzito kadiri unavyovutika. Uning'inize mahali imara, tia ndoano ya mizani ya mkono upande wa pili, vuta mpaka urefu uwe mara mbili, kisha soma. Wangu wa milimita 22 ulisoma chini ya ilivyoandikwa. Unafaa, ila ni vizuri ujue unachovuta.

Mazoezi matatu yanatosha kuanzia. La kwanza ni kukaa kwenye kiti na kusimama, mkanda umekanyagwa na upande wa juu umeshikwa mabegani. La pili, kuvuta kuelekea tumboni ukiwa umeketi, miguu imenyooka na mkanda umezunguka nyayo. La tatu, kusukuma mbele, mkanda umepita mgongoni chini ya makwapa. Fanya mizunguko miwili au mitatu ya mara 10 hadi 15, pumzika dakika moja na nusu katikati. Mkanda ni sahihi ukimaliza huku ukihisi ungeweza mara mbili tatu zaidi. Kurudi kuchukue sekunde tatu. Ukiuachia urudi wenyewe, sehemu ya faida imepotea na kiwiko kinaweza kuuma. Toa pumzi unapovuta. Mwenye presha asibane pumzi kabisa.

Ajali huweza kutokana na mahali pa kufungia. Ukifunga mlangoni, simama upande ambao mlango unafunguka kwenda mbali nawe, ili kuvuta kwako kuufunge badala ya kuufungua, na uubane kwa ufunguo. Nondo za dirisha ni imara, lakini kutu na ncha za kuchomelea hukata mpira, basi zungushia taulo kwanza.

Nilichagua mikanda ya tabaka, si ya kumiminwa kwenye kalibu, na hapa sibadilishi msimamo. Tazama ukingo: ya tabaka inaonyesha mistari myembamba iliyopandana. Ikichoka hubanduka taratibu ukaona. Ya kumiminwa hukatika ghafla na kukupiga usoni. Mwenye mzio wa mpira asilia atafute ya kitambaa au ya plastiki laini.

Kwa chakula, mzee mwenye figo nzima anahitaji takriban gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mwenye kilo 70 ni gramu 70 hadi 84. Yai moja lina kama 6, kikombe cha maharage yaliyoiva kama 15, glasi ya maziwa kama 8. Kata tonge la ugali, usikate maharage. Maendeleo pima kwa futi ya fundi cherehani, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi. Mwanamke akizidi sentimita 80 na mwanamume 94, kazi bado ipo, hata mizani ikisema vizuri.

Mafuta ya nazi, jua na joto la ndani ya gari ndivyo vinavyoua mikanda hii. Nawa mikono kabla, futa jasho baada, anika kivulini, pakaza poda kidogo. Kabla ya kila zoezi uvute kidogo penye mwanga. Ukiona mpasuko ukingoni, hata wa upana wa kucha, ukate vipande na usimgawie mtu.