Biblia ya mfukoni ya Union Version: mwaka wangu mmoja nayo kando ya karai

Mimi ni mama karanga. Nanunua samaki bandarini Shella, hapa Malindi, nawapaa, na jioni nawakaanga kando ya barabara nikiuza. Naitaja kazi yangu mapema kwa sababu Biblia hii nimeitumia kazini. Haikupata nafasi ya kukaa kabatini hata wiki moja.

Niliinunua Juni mwaka jana kwa shilingi 850. Ni ndogo, inaenea kwenye mfuko wa aproni. Jalada lake ni jeusi, lina zipu ya kuzunguka na utepe mwekundu wa kuwekea alama. Ndani mna vitabu vyote 66 katika tafsiri ya Union Version, ile iliyotoka kamili mwaka 1952 na ambayo wengi wetu tumekua tukiisikia ikisomwa kanisani. Nyumbani tayari nilikuwa na ile kubwa aliyoniachia mama, lakini ile haitembei. Nilitaka ya kwenda nayo.

Wanaoijua pwani wanajua Juni ni mwezi gani. Kusi limekaza, bahari imechafuka, vyombo vingi havitoki, na samaki wachache wanaopatikana wanachukuliwa na matajiri kabla sisi hatujafika. Siku tatu mfululizo karai langu lilikuwa limefunikwa. Alfajiri ya siku ya nne nilishuka bandarini, nikaketi ubavuni mwa mashua iliyopandishwa mchangani, nikafungua zipu, nikaangukia Yohana 21. Wanafunzi saba wamekesha baharini hawakupata kitu. Kumepambazuka, mtu amesimama ufuoni anawauliza, "Wanangu, mna kitoweo?" Nao wakamjibu, "La."

Sura hiyo nilikuwa nimehubiriwa mara nyingi. Ila siku hiyo neno kitoweo lilinishika koo. Hilo ndilo swali ambalo wanangu huniuliza mlangoni nikirudi, na jibu langu kwa siku tatu lilikuwa lilelile la Petro na wenzake. Niliendelea kusoma polepole, kidole kikifuata mstari. Akawaambia walitupe jarife, yaani wavu, upande wa kuume wa chombo. Jarife! Mbele yangu palikuwa na vijana wawili wameketi wanashona jarife lao, sindano zinaingia na kutoka. Kisha samaki wakahesabiwa, mia na hamsini na tatu, na jarife halikupasuka. Mimi nimeshika samaki miaka 19, na nakwambia hesabu ile ni ya mtu aliyekuwepo. Walipofika pwani wakakuta moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate, na Bwana mwenyewe anawaita, "Njoni mfungue kinywa."

Alikuwa amewapikia. Amefufuka katika wafu, na jambo alilolifanya asubuhi ile ni kuwasha makaa na kuwawekea samaki watu waliochoka. Niliposimama pale sikuwa na samaki hata mmoja, na siku hiyo sikumpata. Kesho yake nilipata vibua kilo mbili kwa bei ya kuumiza. Lakini nilipanda kutoka bandarini nikiimba, na wenzangu waliniuliza nimepata nini.

Ndiyo maana nikiulizwa kuhusu tafsiri nasimama na hii. Binti yangu anapenda ile ya Habari Njema kwa kuwa Kiswahili chake ni chepesi, na kwa Nyaraka za Paulo nakubaliana naye kabisa, kuna mahali Union Version inanilazimu kusoma mara tatu. Lakini kwa mtu wa pwani maneno ya hii ya zamani ni ya nyumbani. Zamani Unguja walikuwa na tafsiri yao na Mombasa yao, na hii ilifanywa ili wote wasome moja. Jina lenyewe linasema hivyo. Napita kila siku karibu na lile kanisa dogo la Wareno lenye paa la makuti. Mmisionari Francis Xavier alitia nanga hapa Malindi mwaka 1542 akielekea Goa. Toka hapo hadi mmisionari mwingine, Krapf, alipofika Mombasa mwaka 1844 na kuanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo ni miaka 302. Watu wa ufuo huu walikaa muda wote huo kabla ya mtu kuanza kuwaandikia neno hili kwa lugha wanayouzia samaki. Mimi naliona jambo hilo ni kubwa, na nashukuru nimezaliwa baada yake.

Kuna asubuhi nyingine iliyonigharimu. Nilikuwa nimebaki na tasi kumi na moja wa jana yake. Katika biashara yetu samaki wa jana hurudishwa kwenye mafuta ya moto, akapata rangi, akachanganywa na wa leo. Nimefanya hivyo miaka. Asubuhi hiyo nilisoma Mithali 11: "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA, bali vipimo vilivyo sawasawa humpendeza." Mizani sina, nauza kwa kichwa. Lakini mchana kutwa nilijua ni mimi ninayesemwa. Jioni nikawatenga kwenye sinia lao, nikapunguza bei nusu. Akaja mzee mmoja, mteja wangu wa kila siku, nikamwambia, "Shikamoo babu. Hawa ni wa leo, wale ni wa jana."

Akanitazama. "Marahaba. Mbona leo umenitengea, mwanangu?"

"Nimesoma habari ya mizani, babu."

Akatikisa kichwa taratibu, akaisoma aya kwa Kiarabu, kisha akanifasiria: "Hata kwetu imo. Ole wao wapunjao." Akachukua wawili wa jana na mmoja wa leo. Tangu hapo sijachanganya tena, na hasara ya siku ile niliifidia ndani ya wiki.

Sasa kasoro zake, maana ninyi mtatoa pesa zenu. Zipu haifai pwani: mwezi wa nne chumvi iliikamata isifunguke wala isifunge. Fundi viatu aliisugua kwa mshumaa ikateleza, na sasa naisugua mwenyewe kila Jumamosi. Karatasi ni nyembamba mno. Tone moja la mafuta liliangukia Yohana 21 likapenya hadi Matendo 2, kurasa zile zinaonekana kama kioo, ukisoma Petro anahesabu samaki unamwona Petro anahubiri kwa nyuma yake. Herufi ni ndogo, usiku kwa taa ya sola siambulii kitu. Hakuna ramani, hakuna itifaki ya kutafutia maneno.

Kwa saa za kukaanga, mikono ikiwa na unga na mafuta, nasikiliza Biblia ya sauti kwenye simu niliyoitundika juu ya meza. Inasaidia sana, hata wateja husikiliza wakingoja. Ila Yohana yangu naitaka kwenye karatasi.

Mwenye macho mazima ainunue bila wasiwasi, aiweke mbali na karai. Mwenye umri wangu achukue ya maandishi makubwa. Nami nimeshaweka akiba ya kununua hiyo. Hii ndogo binti yangu ameiomba, nikamwambia asubiri ninakili kwanza alama zote nilizotia kwa kalamu pembeni. Nanakili kidogo kidogo kabla sijawasha makaa. Leo nimefika Zaburi 118, pale kwenye "Siku hii ndiyo aliyoifanya BWANA, tutashangilia na kuifurahia", na pembeni nilikuwa nimeandika: pono 14, wote wameisha.