Leso za Biashara Street: duka linaloanza na maswali

Nafundisha Kiswahili kidato cha nne, na kila muhula nawasisitizia wanafunzi swali moja la fasihi: weka dondoo hili katika muktadha wake. Alama nne. Nani anasema, anamwambia nani, wako wapi, na kuna nini. Ukikosa moja, alama yake imekwenda.

Duka ninalolisifu hapa liko Biashara Street, Mombasa. Ni dogo, halina kibao cha kujivunia, na leso, yaani kanga, zimepangwa rafuni kutoka sakafuni hadi darini. Anayeuza ni mzee mmoja mpole mwenye kofia ya viua, na maswali yangu ya darasani yeye huyauliza kabla hajakuteremshia hata pea moja.

Siku niliyokwenda, mbele yangu alikuwapo dada mmoja aliyevutiwa na leso ya buluu, pindo lake limejaa michoro ya korosho, mji wake, yaani katikati, una maua madogo meupe. Nzuri hasa. Jina la leso, yaani maneno yaliyochapwa juu yake: JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Mzee hakuitaja bei.

“Wampelekea nani, mwanangu?”

“Wifi yangu.”

“Kuna nini?”

“Arubaini ya mtoto.”

“Wa kwanza?”

“Wa kwanza, babu. Wamekaa miaka.”

Mzee akaikunja ile leso polepole. “Hii ungempa wakati ule anangoja, mkiwa wawili chumbani, ingekuwa dua. Leo mbele ya mawifi wote, itakuwa wamkumbusha.” Akamshushia nyingine ya rangi ile ile, jina lake WEMA HAUOZI. Dada akalipa na shukrani juu.

Hiyo ndiyo kazi ninayoisifu. Maneno ya leso ni yale yale kwa kila mtu, yamechapwa kiwandani kwa maelfu, lakini hayasemi kitu kamili mpaka yapate mtoaji, mpokeaji na siku. HASIDI HANA SABABU ukijifunga jikoni kwako ni nguo ya kupikia. Ukijifunga asubuhi jirani alipoingiza gari jipya, ukatoka kufagia mbele ya mlango wake, umemtukana bila kufungua mdomo, na akikuuliza utasema ulipenda rangi. NANI KAMA MAMA, binti akimpa mama yake, machozi humtoka mtu. Mama mkwe akimpa mke wa mwanawe wiki ya kwanza ya ndoa, yule bibi harusi atalala akijiuliza ameanza kukosea wapi. Muuzaji asiyelijua hili anauza kitambaa tu.

Naandika haya kwa uchungu kidogo, maana kabla ya hapo niliagiza leso za harusi ya mpwa wangu kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni. Nilimwandikia wazi: ni za biharusi, nataka nyekundu. Hakuniuliza lolote. Zikaja nyekundu kweli, zimefungwa vizuri, na pea ya juu kabisa imeandikwa MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE. Ya kumpa biharusi! Nilipompigia akasema kwani rangi si hiyo niliyotaka? Kuzirudisha ilikuwa kwa gharama yangu. Mtu anayeuza leso kwa picha ya rangi, jina limekunjiwa ndani, anatuharibia jambo ambalo mama zetu walilitunza.

Na mtaa wenyewe una historia ya jambo hili. Hapo Biashara Street ndipo lilipo duka la Kaderdina Hajee Essak, maarufu kwa jina la Abdulla, lililoanzishwa 1887, ambaye alama yake ya “K.H.E. – Mali ya Abdulla” tumeiona kwenye leso za bibi zetu. Yeye ndiye anayetajwa kuwa alianza kutia methali kwenye leso mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu. Duka ninalolieleza si hilo, lakini leso zake huuzwa humo pamoja na za viwanda vingine.

Kuhusu nguo: omba pamba tupu, na mzee atakwambia kweli ipi ni ipi. Iliyochanganywa inang’aa zaidi ikiwa mpya, ila haifyonzi jasho, na kwa joto letu utaijutia. Nilizonunua nilizifua kwa maji ya chumvi, wanga ukatoka, zikalainika. Nyekundu ilichuja kidogo nilipoifua mara ya kwanza, basi usiichanganye na nyeupe. Pea nililipa shilingi 700, na hakuna kuvutana sana kuhusu bei. M-Pesa wanapokea. Nje barazani kuna fundi na cherehani yake. Anazikata na kuzipinda ukingojea, na mishono yake imenyooka.

Kasoro zipo. Ndani ni giza, rangi ya zambarau unaweza kuidhania buluu, kwa hiyo itoe mlangoni uione juani. Tena usiende kumi la mwisho la Ramadhani. Watu wanasukumana, mzee yuko kwenye pesa, na vijana wanaomsaidia wanarusha leso tu juu ya meza bila kuuliza ya nani wala ya nini. Nimewaambia, na nawaambia tena hapa: kijana akifundishwa kuuliza “wampelekea nani?” inatosha, mengine mteja atayasema mwenyewe.

Nenda asubuhi katikati ya wiki. Ijumaa hufunga kwa swala ya adhuhuri na hurudi baada ya saa nane. Ukifika, fungua kila leso upande wa jina na uisome kwa sauti mbele ya mzee kabla hujatoa pesa.