Ketilibeli, birika la chuma la kilo 16: nguvu bila kujaa mwili, na mpini uliokaribia kunitoa kiganja

Sogeza simu karibu kidogo. Hiki ni kiganja changu cha kulia. Hapa chini ya kidole cha pete unaona kialama cheupe? Lilikuwa lengelenge, likapasuka, nikakaa siku sita siwezi kukamua nguo vizuri. Nililipata kwa chuma cha kwanza nilichonunua. Sasa tazama hiki kingine, kilo 16, niko nacho mwezi wa nne, siku tatu kila wiki, na viganja vyote viwili ndivyo hivi mnavyoviona. Uzito ni uleule. Tofauti ni mpini. Leo nitauongelea mpini mpaka mchoke, kwa sababu hapo ndipo pesa yako inapopotea.

Haya, hamjambo wapenzi watazamaji, karibuni sana. Kama ni mara yako ya kwanza, hapa tunachambua vifaa vya mazoezi ya nyumbani, vile ambavyo mtu wa kawaida wa Dar anaweza kuviweka chini ya kitanda. Bonyeza kitufe cha kujisajili, kisha tuendelee.

Jina lake ni ketilibeli. Tufe la chuma lenye mpini juu, kama birika lililokatwa mdomo. Wanangu wanaliita birika, na mimi nitaliita hivyohivyo. Mambo ya boksi na rangi sitayagusa. Nilichofanya ni kulipeleka duka la nafaka hapa mtaani, nikaliweka kwenye mizani: kilo 16 na ushee kidogo. Muuza mchele aliponiona nalo akauliza, "Dada, hilo si jiwe la mizani?" Amepatia kabisa! Kwa asili mabirika haya yalikuwa mawe ya mizani, Urusi, ya kupimia nafaka sokoni. Kipimo chao cha zamani kinaitwa pudi, ambacho ni kilo 16.38. Ndiyo maana hata leo utakuta 16, 24 na 32: pudi moja, moja na nusu, na mbili. Wachukuzi na wakulima walikuwa wakishindana kuyanyanyua, ikageuka mchezo.

Sasa kabla ya mpini, nijibu jambo moja. Tangu video ya mwezi uliopita nimepata ujumbe mwingi wa aina moja: "Dada, si nitatoka mabega kama baunsa?" Wengine wanaandika kwa hofu kweli, kuna mmoja kaniambia mumewe kamkataza asije akawa mtu wa miraba minne.

Dada yangu, ndoo ya lita 20 ikijaa maji ni kilo 20. Umeibeba tangu ukiwa darasa la tano. Umeitoa bombani, umeitwika, umepanda nayo ngazi, umemshika mdogo wako mkono kwa mkono mwingine. Miaka yote hiyo mabega yako yamejaa? Hayajajaa. Umepata nguvu. Mama yangu mpaka leo anatwika ndoo bila kuomba msaada, na mkono wake ni mwembamba kuliko wangu. Sasa iweje kilo 16 ndizo zikubadilishe umbo?

Mwili kujaa ni kazi ngumu inayotafutwa. Mtu anayetaka kujaa anapiga seti nyingi, yaani mizunguko ya mara 10, mara 12, mpaka msuli unawaka moto, anarudia zoezi lilelile kwa njia tatu tofauti, halafu anakula kupita anachotumia, kila siku, kwa miezi. Na mwanamke ana homoni ya testosteroni, ile ya kukuza misuli, kidogo sana, mwanaume anamzidi zaidi ya mara 10. Nguvu ni jambo lingine. Nguvu kwa sehemu kubwa ni mishipa ya fahamu kujifunza kuuamuru msuli ulionao tayari. Watafiti Moritani na deVries walishalionyesha hili mwaka 1979: wiki za mwanzo mtu anaongezeka nguvu hasa kwa sababu ya mishipa ya fahamu, ukubwa wa msuli unakuja nyuma. Na ukitaka mfano wa kukutoa macho, mtafute mnyanyua vyuma Naim Süleymanoğlu wa Uturuki, Olimpiki ya Seoul, 1988. Alishindana kundi la kilo 60, akanyanyua kilo 190 juu ya kichwa. Mara tatu ya mwili wake na zaidi! Wale wa makundi ya uzito hawana ruhusa ya kunenepa, lazima nguvu ipande na mizani ibaki palepale.

Hii hapa futi ya fundi cherehani. Mwezi wa kwanza wa zoezi nilipima mkono wa juu, hapa katikati, sentimita 29. Leo, ngoja... sivuti, mnaona sivuti... 29 na nusu. Hii blauzi nimeivaa makusudi, ni ileile ya sikukuu, mkono wake haunibani hata kidogo. Lakini mfuko wa mchele wa kilo 25, ambao nilikuwa nambembeleza kijana wa duka aniletee, sasa nauinua mwenyewe kutoka kwenye bodaboda mpaka jikoni.

Ninachofanya ni kidogo, na kwa makusudi. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, dakika 15, kabla watoto hawajaamka. Nalikumbatia birika kifuani nachuchumaa mara 5, napumzika mpaka pumzi inarudi kabisa, narudia, jumla seti tatu. Kuchuchumaa kwa namna hii kulienezwa na kocha wa Marekani, Dan John, na sijaona njia rahisi kuliko hiyo ya kumfundisha mtu kukaa chini vizuri: ukiinama mbele, birika lenyewe linakuvuta mbele, unajua umekosea. Kisha navuta kwa mkono mmoja, kama mtu anayewasha jenereta ya kamba, mara 5 kila upande. Kisha kusukuma juu ya kichwa, mara 3 tu. Nikimaliza nalibeba kama ndoo, mkono mmoja, natembea korido kwenda na kurudi. Basi. Kila seti naiacha nikijua bado nina mara mbili tatu ndani yangu. Hilo usilipuuze. Ukijimaliza mpaka mikono inatetemeka, kwanza umeingia kwenye kazi ya kujaza mwili, pili kesho hutarudi. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2020 linataka mtu mzima afanye mazoezi ya nguvu angalau siku mbili kwa wiki, kwa hiyo hata ukikosa Ijumaa hujaharibu.

Mwenye presha, mwenye ngiri, mjamzito, aliyejifungua karibuni: muone daktari kwanza, na yeyote asibane pumzi wakati wa kusukuma. Ninalisema hili kila video na nitaendelea kulisema.

Sasa mpini. Nimesubiri sana kufika hapa.

Hili la kushoto ndilo la kwanza, nililinunua kwa mtu wa mtandaoni. Zuri machoni, eh? Rangi inang'aa kama gari jipya. Hiyo rangi ndiyo tatizo namba moja. Nalowesha kiganja kidogo, jasho tu la Dar la saa kumi na mbili asubuhi, nashika... mnaona linavyozunguka? Lazima nilibane kwa nguvu ili lisitoke. Ukibana hivyo, mkono kati ya kiwiko na kiganja unachoka kabla mguu haujafanya kazi yoyote. Tatizo namba mbili, na hili ndilo lililonipasua kiganja, ngoja niligeuze. Chini ya mpini, upande wa ndani. Kamera hailioni vizuri, kwa hiyo nimeleta pamba.

Pamba ya kawaida, ya duka la dawa. Naipitisha taratibu chini ya mpini, kutoka kulia kwenda kushoto. Sikilizeni... Simameni hapo hapo! Mnaona nyuzi zilizobaki? Hapa, hapa, na hapa kwenye kona. Chuma hiki ni cha kusubu, kinamiminwa kwenye kalibu ya vipande viwili, na vipande vinapokutana panabaki mshono. Mtengenezaji makini anausaga ule mshono mpaka unaisha. Mwingine anapaka rangi juu yake anafunga boksi. Sasa fikiria mshono huo unapita kiganjani kila ukibembeza chuma. Pamba imeshikwa mara moja tu, ngozi yako inapita hapo mara 50.

Hili la kulia. Pamba mpya, msije mkasema nimedanganya. Napitisha... narudi... kona ya kwanza, kona ya pili. Hakuna hata uzi. Na halijapakwa ile rangi ya kung'aa, lina rangi kavu ya unga, ukigusa ni kama ganda la embe bichi. Nalowesha kiganja tena, nashika kwa vidole vitatu tu, linatulia. Unene wa mpini kwa rula ni milimita 33 hivi. Mikono yangu ni midogo, na wiki ya kwanza niliulaumu unene huo, hata kwenye video ya kufungua boksi nilisema ni mnene mno. Nafuta maneno yale. Ni mnene kiasi cha kukufundisha kushika, na sasa hata kifuniko cha chupa ya asali hakinisumbui.

Kingine: mikono yangu miwili inaingia kwenye mpini bila kidole kidogo kubanwa. Kwenye lile la kwanza kidole kidogo kinapanda juu ya kona. Mwanaume mwenye kiganja kipana atateseka zaidi.

Na yale ya plastiki yaliyojazwa saruji ndani? Nimeyatumia kwa rafiki yangu anayekaa Tabata. Kwa kilo zilezile yanakuwa makubwa kama tikiti, ukilibeba begani linakupiga mfupa wa mkono, na lile lake lilipasuka pembeni, vumbi la saruji likatapakaa kwenye marumaru. Bora zege la kumimina kwenye makopo ya rangi na bomba katikati, lile la vijana wa mtaani, maana lile unajua ulichoweka ndani na halikugharimu kitu. Yako pia yale ya mashindano, ya feleji, ambayo umbo halibadiliki, iwe kilo 8 au 32, na kila uzito una rangi yake, la 16 ni la njano. Mpini wake ni mzuri kupindukia. Lakini kwa mtu wa dakika 15 sebuleni, bei yake siioni sababu.

Bei, ndiyo. Hili la kulia nililipata Kariakoo kwa shilingi 150,000, tukianzia 180,000. Wauzaji wengi wanahesabu kwa kilo, kwa hiyo uliza bei ya kilo kwanza, usiulize bei ya chuma. Ni ghali? Wiki iliyopita ningekwambia ni ghali. Kisha nikakumbuka nilichokuwa nalipa jimu kila mwezi, pamoja na nauli, na miezi niliyolipa bila kwenda hata mara moja. Ila kama unazo dambeli za kilo 10 nyumbani, usinunue kitu. Anza na hizo, kumbatia moja kifuani, ratiba ni ileile. Na kama hujawahi kunyanyua chochote, mwanamke aanze na 8 au 12, mimi 16 ilinikuta tayari nimepitia 12 ya kuazima.

Tangazo dogo: kuanzia wiki ijayo video zinatoka Jumanne jioni badala ya Jumapili, kwa sababu Jumapili wengi mko ibadani na nyumbani kuna kelele. Na kipaza sauti kipya kimefika, mtaniambia kama mnanisikia vizuri zaidi.

Kuna dada kaniuliza afanye nini na lake lenye mshono, ameshalipa na muuzaji hapokei simu. Usilitupe. Nunua tupa ndogo ya fundi chuma na msasa wa namba 120. Hili langu la kushoto nimelisaga upande huu mmoja jana usiku, dakika 20. Tazama, pamba... inapita. Upande wa pili bado, ndio huu ulioshika nyuzi. Rangi ikitoka, paka mafuta kidogo na ufute, lisishike kutu kwa unyevu wetu huu. Kwa hiyo nimelihukumu kwa ukali mwanzoni, linaokoka. Lakini mteja hapaswi kununua chuma na tupa pamoja.

Ukienda dukani, weka kipande cha pamba kwenye pochi. Usione aibu mbele ya muuzaji. Geuza chuma, pitisha pamba chini ya mpini, kona zote mbili, halafu ndipo muanze kuongea bei.