Jimu yenye chumba cha watoto: uzoefu wangu kama baba wa wawili

Kwa mzazi asiye na muda wa kusoma yote: nimelipia tena. Mashine zao ni za kawaida tu, na moja ya kukimbilia imebandikwa karatasi ya "mbovu" tangu nijiunge. Kilichonibakiza ni chumba cha watoto na namna wanavyolipisha. Ukisoma maoni ya watu kuhusu jimu za Dar utakuta wanasifia vyuma vipya, viyoyozi na kioo cha kupigia picha. Mtoto umwache wapi, hakuna anayekwambia.

Ipo Tabata, jina kapuni maana malalamiko nayo yapo. Mke wangu ni muuguzi, anaingia kwa zamu. Mkubwa yuko darasa la pili na basi la shule linampitia kabla hakujapambazuka vizuri. Mdogo ana miaka mitatu, bado hajaanza chekechea. Dada wa kazi tuliyekuwa naye alienda kuolewa Singida, hatujapata mwingine. Kwa hiyo wale wanaoshauri "amka saa kumi, fanya mazoezi familia ikiwa imelala" nawasikia, ila ukitoka mlangoni saa hizo mama yuko wodini, watoto umemwachia nani?

Chumba chenyewe hakizidi sebule yangu. Kina mkeka wa sponji, mipira, bembea moja ya plastiki na luninga. Mlezi ni mama mtu mzima, watoto wanamwita Bibi. Ukifika anakata vipande viwili vya tepu ya karatasi, anaandika namba ileile kwenye vyote viwili: kimoja anambandika mtoto mgongoni, cha pili anakubandika wewe mkononi. Wakati wa kuondoka lazima azilinganishe, hata kama mnaonana wiki nzima. Kuna jioni baba mmoja alikuja juu, "Mama, ina maana hunijui?" Akajibiwa, "Nakujua vizuri baba yangu, lete mkono." Mimi hapo nilitoa maksi zote.

Wiki zinazonisaidia zaidi ni zile ambazo mke wangu yuko zamu ya usiku. Anarudi asubuhi macho mekundu, anachotaka ni kitanda na nyumba tulivu, na mdogo ndio kwanza anataka kucheza farasi mgongoni kwake. Chumba kinafunguliwa saa tatu. Namchukua mtoto, nafanya mazoezi, kisha tunapitiliza dukani kwangu, mama analala mpaka adhuhuri. Sijui kama wenye jimu wanajua kwamba hicho ndicho wanachoniuzia.

Kuhusu malipo, usikubali haraka ile ada ya mwezi. Ipo kadi ya mahudhurio 12 kwa shilingi 50,000, unaitumia ndani ya miezi miwili. Kwa mtu ambaye ratiba yake inapangwa na zamu za mwenzake, hiyo ndiyo yenyewe: wiki ikiharibika, hela haijaenda bure. Haijaandikwa kwenye ubao wa bei, uliza mapokezi. Maumivu yako kwenye chumba cha watoto, shilingi 2,000 kwa kila mtoto kila unapoingia. Ukija na wawili kadi nzima, unakaribia kulipa bei ya kadi ya pili. Niliwaomba waweke bei nafuu kwa wazazi, wakasema wataliangalia. Bado wanaliangalia.

Kocha wa asubuhi ni muungwana. Nilipomweleza hali yangu hakunipangia siku sita za kifua na mgongo kama vijana wasio na majukumu. Alianzia kwenye kile Shirika la Afya Duniani linachoshauri kwa mtu mzima: angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mazoezi ya misuli siku mbili au zaidi. Za misuli nazimaliza pale: skwati, kuvuta, kunyanyua chuma kutoka chini, pushapu, natoka. Zilizobaki natembea haraka kwenda na kurudi dukani, na wiki mbaya naruka kamba uani, mkubwa akinihesabia na kuniibia namba.

Sasa malalamiko. Jioni watoto wakijaa, Bibi anazidiwa na luninga inachukua kazi yake. Shirika hilohilo linashauri mtoto wa miaka mitatu asizidishe saa moja ya kukaa mbele ya skrini kwa siku, na mwanangu keshaitumia nyumbani tangu mchana. La pili limenikera zaidi: meza ya kubadilishia watoto iko upande wa wanawake tu. Mdogo akijichafua, Bibi ananiita, nami nambadilisha juu ya benchi la kuvalia viatu huku wanaume wenzangu wakinipa pole. Pole siitaki, nataka meza.

Watoto wa chini ya miaka miwili hawapokelewi, kwa hiyo wenye wachanga msijisumbue. Jioni fika kabla ya saa kumi na moja. Watoto wakitimia kumi Bibi anafunga mlango, na kadi yako haitamfanya aufungue.